Sahani za Siku ya Tano

3 Machi

Mama Pacha,

Salamu nitakupa mwishoni, nikiwa nimepoa, kama nitapoa. Nimefika kwa shangazi juzi mchana na begi moja na kiatu kilichoachia soli. Akaniuliza likizo yangu ni ya siku ngapi. Nikamwambia ni ya siku nyingi. Akanipa chumba cha nyuma, mahali anapoweka magunia ya sufi za mito, na mpaka leo napiga chafya.

Nakuandikia, sikupigii, kwa sababu simu ya nyumbani anashika mume wako, na haya si ya masikio yake. Kaka yangu ameanguka kutoka juu ya paa, mguu umevunjika mahali pawili. Apone kwanza ndipo ajue dada yake amefukuzwa kazi kama mwizi wa kuku. Mwambie nimekuja kumuuguza shangazi. Barua zangu zitapitia kwa fundi cherehani jirani yenu, nimeshamwomba.

Nitakusimulia tena unayoyajua, maana nataka uyashike kama yalivyokuwa, si kama yanavyopikwa huko kantini. Miaka kumi na mmoja nimekaa kwenye maabara ya kiwanda kile. Bandeji zinaingia chumba cha mionzi kuuliwa vijidudu, zinatoka, nakata kipande, naweka kwenye sahani ya chakula cha vijidudu, naitia kabati la joto. Siku ya pili mkuu wa maabara, Bwana Saini, anachungulia. Hakuna kilichoota, anatia saini, bandeji zinakwenda hospitali, na wewe unatupa sahani na kuosha vyombo. Ile likizo ndefu ukasahau kuzitupa. Sikukulaumu siku ile na sikulaumu leo, binadamu husahau. Tuliporudi siku ya tano, kila sahani ilikuwa na vidoa vya rangi ya waridi.

Uliona alichonifanyia Bwana Saini. Alinisimamisha ukumbini mbele ya wapakiaji wote, akanishika kifundo cha mkono, akauinua juu, akasema, "Tazameni mikono iliyotutia uchafu." Nilipojaribu kueleza, akacheka: hakuna kinachotoka hai mle ndani, labda mikono yako inafufua. Tena akasema anaye shahidi aliyeniona nikigusa sahani bila glavu. Mimi! Mimi ninayenawa mpaka kucha zinakuwa nyeupe.

Vidoa vile, wifi yangu, havikutoka mikononi mwangu. Nilisoma habari zake chuoni. Zamani watu walipiga mionzi nyama ya kopo ili isioze, ikaoza vilevile, na ndani wakakikuta kijidudu hicho cha waridi. Kijidudu cha kawaida kikipigwa mionzi, DNA yake, ule uzi ulioandikwa maelekezo yake yote ya kuishi, hukatika, na kukatika mara chache tu kunatosha kukiua. Hiki hukatika vipande mamia. Lakini kina nakala kadhaa za uzi uleule, na kila nakala imekatika mahali pake. Kinachukua kipande, kinatafuta kingine chenye ncha inayofanana, kinavilaza pamoja, kinanakili kilichopotea kutoka kwa mwenzake, mpaka uzi unarudi mzima. Chukulia pacha wako wamechana kila mmoja daftari lake la somo moja. Ukiwa nayo yote mawili utalipata somo, maana palipochanika hapa ni pazima kule. Na zile protini zinazofanya kazi ya kushona, mionzi haizimalizi, zina kinga ya madini ya manganizi. Wakati kinajishona hakizai. Kikimaliza, huzaana taratibu. Ndiyo maana siku ya pili sahani ni safi, na siku ya tano inakuumbua.

Nataka mambo mawili. La kwanza, jina la huyo shahidi. Wewe uko mle, masikio yako mazima, nitafutie. La pili ni Bwana Saini mwenyewe, na hilo naliwazia. Nimeondoka na sahani moja nimeiviringisha kwenye soksi. Nilichovuliwa ukumbini pale nitakirudisha, na atakayenirudishia ni yeye, akilia.

Watoto wabusu.

Darubini

*

14 Machi

Wifi yangu,

Barua nimeipata, fundi cherehani ameniletea imefungwa kwenye kitambaa cha sketi kama magendo. Poleni na vumbi la sufi. Kaka yako yuko vizuri, ila amekuwa mkali kuliko kocha wa mpira. Anaamuru nyumba nzima akiwa kitandani. Nimemwambia shangazi anaumwa kiuno. Sasa anataka kumtumia dawa ya kuchua, kwa hiyo mwambie shangazi ajue kwamba anaumwa.

Kazini ni kama ulivyopaacha. Bwana Saini anapima mwenyewe siku hizi, hataki mtu. Amebandika tangazo la kunawa mikono kila mlango. Wapakiaji nao, watu hawana dogo, ukitoka chooni wanakuuliza, umejidarubini? Sikupaswa kukuambia hilo. Nimeshaliandika, na kalamu hii haifutiki.

Kuhusu shahidi, wifi, ukumbi ulikuwa umejaa watu siku ile, na Bwana Saini anaweza kuwa alisema tu ili kukuvunja nguvu. Ukimjua utapata nini? Umejaliwa elimu, kazi utapata nyingine. Sisi wengine tukitoka hapa hatuna pa kwenda, na mguu wa kaka yako hauleti chochote ndani mpaka upone. Nakuomba yaache mengine yapite.

Wakaguzi wanakuja tarehe ishirini na nne Aprili. Kila mtu anapaka rangi kila kitu, mpaka mti wa getini umepakwa chokaa.

Nataka kukuuliza. Hivyo vidoa huonekana siku ya tano kamili, au hata ya nne? Na vinapenda kukaa wapi kabla ya kufika kwenye bandeji? Nauliza tu, kwa kuwa mimi ndiye naosha.

Mama Pacha

*

25 Machi

Mama Pacha,

Kwa hiyo wananitumia kama neno la chooni. Vema. Nilikuwa nimeanza kupoa kidogo, shangazi ameniona nikicheka mara mbili. Barua yako imeniwasha upya na nakushukuru, maana hasira ikipoa hailiki.

Usinipe ile ya kuacha yapite. Ungekuwa wewe umeinuliwa mkono mbele za watu kama mtoto aliyejikojolea, ungeacha yapite? Mimi naamka nikiwa bado nahisi vidole vyake hapa kifundoni. Shangazi akiniambia nipeleke chai kwa wageni naona aibu kushika kikombe. Hilo ndilo alilonifanyia. Nataka limpate yeye, hadharani, kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu anaowaogopa.

Maswali yako ni mazuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa na yule mwenye saini. Mara nyingine huonekana siku ya nne kama macho ni makali, ya tano kipofu naye anaona. Vinapenda mahali pakavu penye vumbi. Kukauka nako hukata DNA vipande, basi kilichojifunza kuishi na kiu ndicho kinachovuka mionzi. Wengi hufa hata hivyo. Wachache wanaobaki wanatosha.

Sasa fungua bahasha vizuri. Kuna kikaratasi nimekikunja ndani ya nailoni, kina doa la waridi lililofifia. Vijidudu vya ile sahani ya kwenye soksi nimeviotesha kwenye supu ya maharage ya shangazi nikavikausha dirishani, havijafa, vimelala. Siku ya wakaguzi Bwana Saini atapima mwenyewe ili ajionyeshe. Wewe ndiye unayesukuma toroli la maboksi kwenda chumba cha mionzi. Kiloweshe kikaratasi kwenye maji kidogo, nyunyiza bandeji za boksi la sampuli, ziingie kwenye mionzi zikiwa navyo. Siku ya pili atawaonyesha sahani safi, atatia saini kwa kiburi. Usizitupe. Ziache kabatini mpaka siku ya tano, kisha uzitoe mbele yao kana kwamba unasafisha. Atakuwa na sahani zake, saini yake, mikono yake.

Najua utasema kwa nini nisingoje vitokee vyenyewe, kama kweli vimo kwenye bandeji. Miaka kumi na mmoja nimeviona mara moja. Siwezi kukaa kwenye sufi hizi nikisubiri bahati. Haki ikichelewa mtu huenda kuichukua mwenyewe.

Na jina la shahidi bado sijalipata. Usidhani nimesahau.

Darubini

*

6 Aprili

Wifi,

Mzigo umefika. Usinitumie tena kitu kama hicho, fundi cherehani alidhani ni kipande cha kitambaa, nusura akifunikie kifungo.

Umeshasema na mimi nimesikia. Siku ya wakaguzi sahani hazitatupwa siku ya pili. Hilo nakuahidi, na ahadi yangu ishike, hata kama kuna mengine usiyoyashika kwangu.

Usiniandikie tena mpaka yatokee. Jana nikiosha nimevunja chupa mbili. Kaka yako ameanza kukanyaga chini kwa gongo. Pacha wanapigania nani amshikie bega.

Mama Pacha

*

15 Aprili

Mama Pacha,

Umeniambia nisiandike na naandika, ndivyo nilivyoumbwa. Shangazi anasema mdomo wangu ulizaliwa kwanza, mwili ukafuata.

Silali vizuri kwa raha. Nimewaza uso wake utakavyokuwa. Kwanza atacheka, kile kicheko cha pua. Kisha atatafuta wa kumsingizia, na mara hii hayupo, amejifungia maabara peke yake kwa kiburi. Kisha atajaribu kusema ni vumbi. Mkaguzi atamuuliza, kama ni vumbi, limetokaje hai mle kwenye mionzi? Hapo ndipo ningelipa nauli ya kwenda na kurudi nikamwone.

Nikishamaliza na yeye nitahamia kwa shahidi. Nimeorodhesha watu saba waliosimama karibu na mlango siku ile. Wewe sikukuandika bila shaka, ulikuwa nyuma yangu na ndoo.

Umefanya jambo ambalo ndugu wa tumbo moja wasingenifanyia. Sitalisahau.

Darubini

*

30 Aprili

Wifi,

Yametokea.

Siku ya pili Bwana Saini aliwaonyesha sahani, safi kabisa, akasaini, wakanywa soda. Siku ya tano wakaguzi walirudi kuchukua makaratasi yao. Nikatoka na sinia, nikasimama pale pale mlangoni, nikasema samahani wakubwa, hizi nizitupe au bado mnazihitaji? Mkubwa wao ni mama mmoja mfupi mwenye miwani ya kamba. Akavuta sinia kwangu kwa mikono miwili. Vidoa vya waridi, wifi, kwenye sahani sita kati ya nane.

Bwana Saini alicheka kile kicheko, kama ulivyosema. Kisha akanitazama mimi. Kisha akasema ni vumbi. Yule mama akamuuliza kwa upole kabisa kwa nini huwa anasoma siku ya pili tu. Akawa anafuta miwani yake ambayo ilikuwa safi. Wakachukua funguo za maabara mbele yetu sote.

Halafu yule mama akauliza kama jambo hili limewahi kutokea. Nikamwambia lilitokea Januari, na aliyelieleza alifukuzwa. Akaniuliza jina lako, nikampa, na anwani ya shangazi. Akasema lazima warudie kipimo wenyewe kwa maboksi yaliyobaki, tarehe ishirini Mei, kabla ya kuandika lolote. Ikitoka vilevile, anasema kiwanda kizima kitabadili utaratibu wa kusoma, na wewe utaitwa.

Nina jambo la kukuambia, nataka nikuambie uso kwa uso utakaporudi. Si la barua. Uje tu.

Mama Pacha

*

4 Mei

Mtaalamu wa Maabara,

Nakuandikia kama kiongozi wa ukaguzi wa kiwanda ulichokuwa ukifanyia kazi. Nimesoma jalada la kufukuzwa kwako. Maelezo uliyotoa Januari, kwamba bakteria wenye uwezo wa kukarabati DNA walivuka mionzi na kuota baada ya siku ya pili, yanalingana na tulichokishuhudia wenyewe Aprili. Tutarudia kipimo tarehe 20 Mei kwa maboksi yaliyotiwa lakiri. Matokeo yakithibitika, nitapendekeza urudishwe kazini na jalada lako lisafishwe.

Kabla ya hapo nahitaji jibu lako juu ya jambo moja. Kufukuzwa kwako kulitegemea ushahidi wa mtu mmoja. Mwosha vyombo wa maabara alieleza, na akaweka dole gumba, kwamba alikuona ukigusa sahani kwa mikono mitupu. Naomba useme kama ni kweli, ili tuliondoe jambo hili njiani.

Mkaguzi Mkuu

*

11 Mei

Mkaguzi Mkuu,

Si kweli. Lakini kwa kuwa umeniuliza juu ya mwosha vyombo, nitakuambia na lingine. Vidoa mlivyoviona Aprili havikutoka kwenye bandeji. Mwanamke huyo alikuwa na kikaratasi chenye bakteria waliokaushwa, alichokipata kwenye vitu vyangu. Yeye ndiye aliyesukuma toroli. Yeye ndiye aliyezificha sahani mpaka siku ya tano, na yeye ndiye aliyewaletea kwenye sinia. Muulizeni kama alikuwa nacho kikaratasi. Muulizeni akiwa amesimama ukumbini, mbele ya wapakiaji.

Aliyekuwa Mtaalamu wa Maabara

*

11 Mei

Wewe,

Sijui nikuite nani. Wifi siwezi tena kuliandika.

Dole gumba! Mtu anayejua kusoma na kuandika, anayeniandikia kurasa mbili za habari za pacha, anaweka dole gumba kama hajui a wala be, kwa kuwa hakutaka hata mwandiko wake uonekane. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nikilisikia tu. Orodha ya watu saba! Nilikaa na kalamu nikawachambua watu saba wasio na hatia, na wewe unaniandikia umevunja chupa.

Nimeelewa sasa kwa nini uliniambia niyaache yapite. Na hilo jambo la kuniambia uso kwa uso, baki nalo. Kaa nalo.

Nimekaa na barua ya mkaguzi siku mbili kwenye magunia haya. Ndani yake mlikuwa na kazi yangu, na jina langu, na Bwana Saini akiwa amepigwa chini. Nimeisoma mpaka mikunjo imechoka. Ushindi wenyewe ulikuwa wa kughushi, tuliupika mimi na wewe kwenye supu ya maharage, nami ningeumeza kwa furaha. Lakini ungekuwa umepita mkononi mwako. Kila asubuhi ningevaa glavu nikikuona pale kwenye karai unaosha, na ukinicheka moyoni.

Basi nimeuza vyote. Nimemwandikia mkaguzi habari ya kikaratasi, kwamba ulikuwa nacho na ukakitumia. Saini atapona, najua. Apone. Wewe ndiye nilikutaka, sikujua tu kwamba ni wewe.

Siku utakayoinuliwa mkono, utahisi vidole vile vile hapa kifundoni kwa miezi. Utaniambia.

Darubini

*

28 Mei

Wifi,

Mimi bado naliandika, ndilo neno la ndoa yangu na halikutoka kwako.

Wakaguzi walikuja tarehe kumi na nane, siku mbili kabla ya kipimo. Walinisimamisha ukumbini kama ulivyoagiza. Yule mama akaniuliza kama niliwahi kuwa na kikaratasi chenye bakteria. Nikasema ndiyo. Akaniuliza nilikifanyia nini. Nikasema nilikichoma. Akauliza nani aliniona nikikichoma. Hakuna, wifi. Mtu akichoma kitu jikoni kwake hamwiti shahidi. Akavua miwani, akaandika muda mrefu, akafunga jalada. Kipimo hakikufanyika. Maboksi yote ya ghalani yametiwa moto, kwa kuwa hayaaminiki tena. Bwana Saini amerudishiwa funguo, na anasoma siku ya pili kama zamani. Jina lako limewekwa pamoja na langu kwenye karatasi moja, kwamba tulishirikiana. Mimi nimefukuzwa siku hiyo hiyo.

Nilikuwa nikupe haya mdomoni. Sasa yasome.

Ni kweli nilisema. Januari, kabla Bwana Saini hajakuita ukumbini, aliniita mimi. Akaniuliza, "Ni vyombo au ni mikono?" Kama ni vyombo, naondoka mimi, na kaka yako ana siku nne tu tangu atoke hospitali na plasta mguuni. Nikasema, "Mikono." Neno moja. Karatasi aliandika yeye. Dole niliweka kwa sababu vidole vilikataa kushika kalamu, si kwa ujanja. Nilikuuza, sina pa kujificha, na nilipokuona mkono wako juu nilitaka ardhi inimeze na ndoo yangu.

Lakini kikaratasi chako nilikichoma siku kilipofika. Hakikufika hata getini.

Nilipoosha vyombo baada ya wewe kuondoka, niliwaza kwamba kama ulisema kweli, basi vidoa vimo mle ndani na mtu akivitafuta atavipata. Nikaanza kuficha sahani moja ya kila boksi, nyuma ya kabati la joto, na kuisoma siku ya tano wakati napiga deki. Nilipokuuliza vinapenda kukaa wapi, nilikuwa tayari na wiki mbili za kusoma. Uliponijibu mahali pakavu penye vumbi, nikaacha maboksi ya katikati nikaenda kwenye yale ya kona, karibu na mlango wa ghala unaopigwa vumbi mchana kutwa. Sahani kumi na tisa, wifi. Niliandika kwenye daftari la shule, tarehe, boksi, siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano. Kumi na mbili zilitoa vidoa. Siku ya wakaguzi nilichofanya ni kusogeza maboksi ya kona mbele ya toroli, na kutotupa sahani. Hakuna nilichonyunyiza. Vilitoka vyenyewe, vimekatwa vipande mle ndani na vikajishona, kama ulivyosema mbele ya watu na mimi nimesimama nyuma yako kimya. Ulikuwa mkweli tangu siku ya kwanza. Hukujiamini mwenyewe, ukakiamini kikaratasi.

Tarehe ishirini vingetoka tena mbele ya lakiri zao. Ningekurudishia jina lako kwanza, halafu nikuambie nililokufanyia, unipige au unisamehe, upendavyo. Ndivyo nilivyopanga. Daftari lile sasa pacha wanafanyia hesabu kwenye kurasa zilizobaki. Usiniombe. Na nani angesoma maandishi ya mwosha vyombo aliyefukuzwa kwa kutia uchafu?

Msamaha nilikuwa nikuombe kwa goti. Sikuombi tena. Nilipokukosea nilikuwa nalinda watoto. Wewe ulikuwa unalinda nini?

Kaka yako anauliza kila siku ni nani aliyenichongea kwa wakaguzi. Anauliza akila, anauliza akifunga kamba za kiatu cha mguu mzima. Barua zako zote ninazo. Ningemwonyesha hii ya mwisho angekukana jioni hiyo hiyo, ungelia, shangazi angekuja kuwasuluhisha, na baada ya mwaka mngekumbatiana, kwani ninyi ni damu moja na mimi ni wa kuja. Sitakupa njia hiyo. Nimemwambia simjui aliyefanya, na sitamjua mpaka nife.

Anataka uje Agosti. Anasema wewe ndiye pekee katika ukoo huu mwenye moyo, kwamba ungekuwepo ungenitetea. Njoo, wifi. Nitakupokea begi mlangoni na kukupa kiti karibu yake. Atakusimulia yote niliyotendewa na mtu asiye na utu, atakushika mkono akisimulia, na wewe utamsikiliza mpaka mwisho. Mimi nitakuwa jikoni, na mlango nitauacha wazi.

Mama Pacha